Simba wa Tsavo na Maradhi ya Kambini

Kila nifundishapo chuoni habari za reli ya Uganda, wanafunzi huniuliza juu ya simba wa Tsavo. Hajatokea bado aliyeniuliza juu ya vyoo. Wala siwalaumu, maana simba wale wawili waliowala wajenzi wa daraja mwaka 1898 walitungiwa kitabu. Kuhara damu hakukutungiwa.

Hebu tutazame hesabu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Wahindi walioletwa kuijenga walikuwa 31,983. Katika hao walikufa 2,493, na 6,454 walirudishwa kwao kwa udhaifu wa afya. Patterson, aliyesimamia daraja la Tsavo, aliandika kwamba simba waliwala Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Basi hata tukiongeza ajali za kazini, bado malaria, kuhara damu na vidonda vilishinda simba kwa mbali.

Kambi ya reli ilikuwa kama kijiji kinachotembea. Watu wengi walipika, wakaoga na kujisaidia mahali pamoja, kisha mahema yakang'olewa. Katika nyika ya Taru maji yaliletwa kwa garimoshi. Maji ya kunywa yakichanganyika na uchafu wa binadamu, maradhi hayangoji kubisha hodi. Tena elimu haikukosekana: tangu mwaka 1854 daktari John Snow alikwisha kuonyesha, huko London, kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu.

Hayo huyakumbuka nikiitazama katika ramani barabara itokayo Isiolo, ikapita Modogashe, hata Wajir na Mandera, ambayo Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2020 kuitolea fedha za ujenzi. Nchi ile ni kavu. Watu na ngamia hunywa visimani na katika mabwawa ya kuchimbwa yaitwayo silanga. Mvua ikinyesha, laga hugeuka mto kwa saa chache, ikazoa kila kilichoachwa juu ya ardhi. Kipindupindu kilipozuka Kenya mwishoni mwa mwaka 2022, Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopatwa.

Kwa hiyo vyoo vya wajenzi hapana budi viwe mbali na visima, upande wa chini wa mteremko. Maji ya jikoni na ya kuogea huchujwa kwa changarawe na mchanga, yakapewa miti. Maji yaliyooshea mashine ya zege ni jambo jingine, kwani saruji huyafanya makali kama chokaa, nayo huchoma ngozi. Hayo hutuama katika mashimo yaliyosakafiwa mpaka tope lizame, ndipo yatumiwe tena kuchanganyia zege. Na kila pipa linalookolewa hivyo ni pipa lisilotekwa katika kisima cha mfugaji. Kambi ikihama, mashimo ya vyoo hufukiwa na kutiwa alama, asije mtu akachimba kisima papo hapo.