Joto la jua kwa viwanda na miji

Joto la jua kwa viwanda na miji ni nishati inayovunwa kwa kupasha maji, mafuta au hewa moto juani, kisha kupelekwa kwenye mitambo ya kiwanda au, kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini, kwenye nyumba za mji mzima. Halipitii umeme. Karibu nusu ya nishati yote inayotumika duniani huishia kuwa joto, ingawa zinazosifiwa kila siku ni paneli za umeme.

Chombo hufuata nyuzi zinazotakiwa. Bamba jeusi chini ya kioo hutosha hadi nyuzi 80 au 90 za Selsiasi: maji ya kuoshea chupa, kusafishia maziwa, kutilia vitambaa rangi. Mirija ya kioo iliyonyonywa hewa huvuka nyuzi 100. Vioo vilivyopindwa kama hori, vinavyoligeukia jua kutwa, hufika nyuzi 400 vikipasha mafuta. Tanuri la saruji, linalotaka zaidi ya nyuzi 1,400, bado liko mbali.

Kwa miji, kinara wa miaka mingi ni Denmark, nchi ya mawingu na majira marefu ya baridi. Haikubahatisha: mabomba ya maji moto yalikuwa yamekwisha kutandazwa mijini, kampuni nyingi za joto ni za ushirika wa wateja wenyewe, na kodi ya mafuta na gesi ni kubwa. Mji mdogo wa Marstal, kisiwani Ærø, ulianza mwaka 1996 na mabamba ya mita za mraba 8,000. Sasa yamepita 33,000. Silkeborg ulizindua mwishoni mwa 2016 uwanja wa mita za mraba 156,694.

Taabu ni kwamba joto huja kiangazi, na watu hulihitaji wakati wa baridi. Marstal walichimba shimo la mita za ujazo 75,000, udongo wake wakaujengea kingo, wakatandika plastiki nene, wakajaza maji na kuyafunika kwa mfuniko mnene unaoelea. Maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, nayo huingizwa na kutolewa polepole yasichanganyike. Ukubwa wenyewe ni kinga, kwa kuwa shimo likikua, ujazo huongezeka zaidi kuliko eneo la kupotezea joto. Kinachosumbua ni mfuniko: mvua hutuama juu yake, unyevu ukipenya, kinga ya joto hupungua, na plastiki huchakaa upesi maji yakikaribia nyuzi 90. Hata hivyo jua huupa mji takribani nusu ya joto la mwaka. Salio hutoka kwenye vipande vya mbao na pampu ya joto.

Viwandani, mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, katika jangwa la Atacama nchini Chile, ulifunga mwaka 2013 mabamba ya mita za mraba 39,300 na kupunguza sana dizeli iliyokuwa ikiletwa kwa malori. Kusini mwa Oman, katika eneo la visima vya mafuta la Amal, vioo vyepesi vilining'inizwa ndani ya nyumba za kioo kuviepusha na vumbi na upepo, vikachemsha mvuke wa kulainishia mafuta mazito chini ya ardhi. Ni kinaya cha aina yake, jua kutumwa kuchimbua petroli, ingawa gesi iliyookolewa ni ya kweli. Mradi wa Miraah ulikusudiwa kuvuka megawati 1,000, lakini kampuni iliyoujenga, GlassPoint, ilifilisiwa mwaka 2020.

Afrika Mashariki haina haja kubwa ya kupasha nyumba. Viwanda vya chai vya Kericho na Mufindi, lakini, huunguza magogo ya mikaratusi usiku na mchana kukausha majani. Jua la milimani, lenye mawingu ya alasiri, haliwezi kuzima boila hizo. Linaloweza ni kuyapasha maji kabla hayajaingia boilani, kazi ya nyuzi 70 au 80 ambayo bamba la kawaida huimudu.