Elewa maana ya neno ndipo ukuze msamiati wako wa Kiingereza

WANAFUNZI wengi hujaza madaftari kwa orodha ndefu za maneno ya Kiingereza, kila neno likiwa na fasiri moja tu ya Kiswahili. Bidii hiyo ni ya kupongezwa, ila haiwafikishi mbali, kwa kuwa neno moja huweza kubeba maana kadhaa, pengine zinazokinzana.

Chukua mfano wa "sanction". Likiwa nomino katika wingi, aghalabu humaanisha vikwazo. Likiwa kitenzi katika maandishi rasmi, mara nyingi humaanisha kuidhinisha. Aliyekariri maana ya kwanza pekee, akisoma kwamba bodi "sanctioned" malipo fulani, atadhani iliyazuia, kumbe iliyakubali. Akiitafsiri habari hiyo, atamtakasa mwenye kuwajibika.

Zipo njia tatu za kuepuka mtego huu.

Kwanza, soma sentensi nzima kabla ya kufungua kamusi. Bainisha iwapo neno ni nomino au kitenzi, kisha uteue maana inayooana na muktadha. Samuel Johnson, katika kamusi yake iliyochapishwa London mwaka wa 1755, alifafanua maneno kwa kunukuu jinsi waandishi walivyoyatumia.

Pili, chunguza mzizi. Mzungumzaji wa Kiswahili anaufahamu utaratibu huu: kutokana na "soma" hupatikana msomi, masomo na somesha. Vivyo hivyo, kitenzi cha Kilatini "portare", yaani kubeba, kimo ndani ya "import", kuingiza bidhaa nchini. "Export", kuziuza nje. Na "portable", kinachobebeka. Hata hivyo, mzizi hudokeza tu. Kamusi ndiyo ithibitishe.

Tatu, jihadhari na maneno yaliyokopwa. Hoteli kwa Wakenya wengi ni mahali pa kunywa chai na kula mandazi, ilhali "hotel" kwa Mwingereza ni mahali wanapolala wageni.

Hatimaye, litungie kila neno jipya sentensi mbili zako mwenyewe, na uzirudie baada ya siku chache, kisha baada ya wiki kadhaa. Maneno matano yaliyoeleweka barabara yatakufaa kuliko hamsini yaliyokaririwa usiku wa kuamkia mtihani.