Mabonge ya Alzheimer hayakuiruka Nairobi

Kawangware, shosho akianza kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, majirani husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba karogwa. Kwa wazee wa Kinubi pale Makina, Kibera, utasikia hayo hayo. Wataalamu nao hawakuwa mbali sana: kwa miaka mingi baadhi yao walidhani Alzheimer ni nadra mno kwa Mwafrika.

Ugonjwa wenyewe ulianza kuandikwa Frankfurt. Mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer alimpokea Auguste Deter, mama wa miaka 51 aliyeshindwa hata kuandika jina lake. Alipofariki 1906, daktari aliupaka ubongo wake rangi yenye madini ya fedha, akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong waliitenga protini ya amiloidi-beta, ambayo baadaye ilithibitika ndiyo ya mabonge. Nyuzi ni za protini nyingine, tau.

Kwetu, jibu lilikuja 1996. Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, wakiwamo madaktari wa Dar es Salaam, walichunguza ubongo wa wazee 32 wa Afrika Mashariki waliofariki bila dalili za kupoteza kumbukumbu. Sita walikuwa na amiloidi. Kati ya 20 wa Cleveland, Marekani, watatu. Dhana ya kwamba ubongo wetu una kinga yake ilipaswa kufia hapo.

Umbo la nyuzi lilisubiri hadi 2017, maabara ya Cambridge ilipozigandisha na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Kila molekuli ya tau hujikunja kama herufi C, kisha hulala juu ya mwenzake kama chapati kwenye sahani ya kibandani. Safu mbili zikishikana, uzi umekamilika. Katika ugonjwa mwingine wa ubongo, wa Pick, tau hiyo hiyo hujikunja vingine kabisa.

Sasa ipo dawa, lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, inayoshambulia amiloidi. Mwanzoni hutiwa mshipani kila wiki mbili na hudai picha za MRI za mara kwa mara, kwani ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Hatari hiyo huzidi kwa wenye jeni ya APOE4, na jeni hiyo, utafiti wa 1997 ulionyesha, si haba Afrika Mashariki.