Vespa na Njia za Misafara

Sisi watu wa visiwani tunapopanga safari ya chombo cha magurudumu mawili tuna raha moja: kisiwa hakimpotezi mtu. Ukikosa njia utafikia bahari, na ukiifuata bahari, iwe leo au kesho, utarudi ulikotoka. Mwaka 1986, siku chache baada ya Idi, mimi na rafiki yangu, Mola amrehemu, tuliizunguka Unguja kwa vespa moja. Mpango wetu wote ulienea nyuma ya boksi la sigara: Mahonda, Mkokotoni, Nungwi, kisha kushuka Kinyasini na Chwaka, Paje, Makunduchi, Kizimkazi, na mjini. Tulichukua galoni moja ya petroli, plagi ya akiba, halua, na daftari la mashairi ambalo halikufunguliwa hata mara moja. Siku ya pili jioni, tukiwa tumekaa Forodhani na vumbi lingali nyusini, mwenzangu alinyoosha kidole upande jua linakozamia akasema, "Hii ilikuwa ya kujifunzia. Safari yenyewe ni ile ng'ambo."

Ng'ambo aliyoikusudia ni Mrima: kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini, Kunduchi, Kaole, Bagamoyo, Saadani, hadi Pangani. Hatukwenda. Mara ilikuwa kazi, mara ugonjwa, mara petroli ilikuwa haipatikani, na mwisho ikawa mauti. Vespa ile ingali kwangu. Nami sasa, magoti yakiwa yameanza kunijibu vibaya, nimeamua kwenda peke yangu, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipanga. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyonidhihirikia katika kupanga huko, kabla gurudumu halijazunguka.

Nilitandaza ramani juu ya mkeka nikadhani kazi ni nyepesi. Miji ile imepangika ufukweni kama shanga, na aonaye shanga hudhani kuwa pana uzi. Nikaupitisha ukucha wangu toka shanga hadi shanga, na hapo ndipo nilipogundua kuwa uzi wa nchi kavu ulikatika zamani, au tuseme haukuwahi kutungwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo hapana taabu. Ni kilomita sabini hivi za lami, kwa njia ya Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Lami hiyo si ya kale. Ni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliopita kabla yake wanazikumbuka tope za masika. Taabu huanza ukishaipa Bagamoyo kisogo. Mbele yako upo mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, na baada yake mto Wami, na baina yao tambarare zenye udongo mweusi unaoganda kwenye tairi kama ugali. Lami haikabiliani na mambo hayo. Inageuka magharibi, inauvuka Ruvu na kupanda hadi Msata, mwendo wa kilomita 64. Hapo inakutana na barabara kuu iendayo Segera, na msafiri huenda kaskazini hadi Muheza ndipo ateremke tena pwani. Basi mtu wa Bagamoyo atakaye kumjulia hali nduguye wa Pangani, mji wa mwambao huo huo, hulazimika kwanza kuikimbia bahari. Ni mfano wa mtu anayemtembelea jirani aliyepakana naye ukuta kwa kuzunguka mtaa mzima. Ipo barabara ya mwambao ya kupitia Makurunge na Saadani, na katika miaka hii ya 2020 imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande, lakini safari ya mtu wa vespa hailali juu ya ahadi.

Nilianza kwa kuwalaumu wahandisi. Baadaye nikaona kuwa nimewaonea. Lami ile ya Msata inafuata tabia ya kale kuliko serikali zote zilizopata kutawala pale. Njia za kale za Mrima hazikwenda kaskazini na kusini. Zilitoka ufukweni zikaingia bara. Kutoka Bagamoyo ilitoka njia ya Unyamwezi, Tabora na Ujiji. Saadani ilikuwa na njia yake ya kupita Uzigua. Pangani ilikuwa na yake, ya kufuata mto kwenda Usambara na nchi za Kilimanjaro. Ukizichora zote utaona chanuo: meno ni njia za misafara, na uti wa chanuo ni bahari yenyewe. Aliyetaka kutoka Bagamoyo kwenda Pangani alipanda chombo, akangoja upepo. Miji hiyo haikutazamana. Kila mmoja ulitazama Unguja. Nami leo, ili nifike Bagamoyo, ambayo kwa jahazi lenye upepo mwema ni safari ya asubuhi moja, nitapanda meli na vespa yangu hadi Dar es Salaam, kusini, kisha nirudi kaskazini kwa barabara. Reli ndiyo iliyofanya hayo. Wadachi waliihamishia serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikabaki na milango yake ya nakshi na makuti yake.

Kwa hiyo nimegundua kuwa safari niliyoachiwa na rafiki yangu ni safari ya kupita juu ya uti wa chanuo, mahali ambapo wazee hawakupita kwa miguu. Kila mji nitakaoufikia, nitaufikia kwa ubavuni.

Sasa nije kwenye mizigo, maana hapo ndipo fundi wangu wa vespa, kijana mwenye adabu na ulimi mkali, aliponifundisha historia bila kujua. Nilimpelekea orodha: tairi la akiba, kebo ya klachi, kebo ya gia, plagi mbili, oili ya kuchanganya na petroli kwa asilimia 2, galoni ya lita tano, kandili, turubai, nguo, dawa zangu, na vitabu sita. Akaisoma, akaitazama vespa, akanitazama mimi.

"Mzee wangu, haya yote yatakaa nyuma?"

"Yatakaa wapi tena?"

"Basi itainua pua. Utakuwa unaendesha farasi."

Vespa ni mdudu mwepesi; jina lenyewe kwa Kitaliani maana yake ni nyigu, na tangu ilipotoka kiwandani mwaka 1946 injini yake iko ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Ukiongeza mzigo nyuma, usukani unakuwa hauna uzito, na mchanga wa kwanza utakulaza. Fundi akaanza kupunguza. Kila alipokata kitu aliuliza, "Na hiki, asipokuwapo wa kukubebea, ungekichukua?"

Swali hilo lilinifuata nyumbani. Bagamoyo yote ya karne ya 19 ilisimama juu ya swali hilo, kwa jawabu lililo kinyume cha langu: alikuwapo wa kubeba. Mji ule ulikuwa karakana ya maandalizi. Msafara uliweza kungoja pale majuma na majuma huku merikani na kaniki zikipimwa na kufungwa, shanga zikichaguliwa kwa rangi zilizopendwa na kila nchi ya mbele, na masango ya shaba nyekundu yakikunjwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 au 70, yaani kilo thelathini hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, walikuwa na hesabu zao pia: walitaka kurejea kwao kabla ya msimu wa kulima, na tajiri aliyechelewa kufunga mizigo aliamka asubuhi hana watu. Ndani ya hesabu iliwekwa pia hongo, ambayo siku zile ilikuwa ni ushuru wa kupita katika nchi ya mwenyewe, jambo la halali lenye majadiliano ya hadharani. Neno hilo limeteremka cheo tangu hapo, na mwendesha vespa akitaka kulijua cheo lilichonacho leo hana haja ya kamusi.

Bingwa wa maandalizi hayo alikuwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, aliyewapatia wasafiri wa Kizungu bidhaa na wapagazi. Ndiye aliyetoa jumba la skuli pale Bagamoyo, na fedha zake ndizo zilizoanzisha hospitali ya Dar es Salaam ambayo jina lake halikufutika: hadi Muhimbili ipo Sewahaji. Alikufa mwaka 1897. Wasafiri mashuhuri tunawasoma skuli. Burton na Speke walianzia Kaole mwaka 1857. Stanley alianzia Bagamoyo mwaka 1871. Lakini aliyejua kweli safari ni nini, nadhani, ni yule aliyekaa dukani akihesabu mabega.

Kuna mzigo mmoja ambao kila nikipanga safari hii siwezi kuuondoa akilini. Livingstone alikufa mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaketi wakapanga. Hapakuwa na bwana wa kuwaamuru. Wangeweza kuzika na kutawanyika. Wakaamua kumrejesha kwao. Wakauzika moyo chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha kwa jua, wakauvika gome la mti na turubai. Njiani walikuta watu wasioruhusu maiti kupita katika nchi yao. Wakaufunga upya ufanane na robota la nguo la kawaida, na maiti ikapita kama bidhaa. Safari ile ilichukua miezi tisa hivi. Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakaulaza mwili kwa mapadri, katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, nao ukavushwa kuja hapa Unguja kisha Uingereza. Mwezi Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Katika waliobeba, Jacob Wainwright ndiye aliyefuatana na mwili. Chuma na Susi walilipwa haki yao wakaachwa pwani. Walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Wengine hatukuwasikia tena.

Watu hubishana juu ya jina la Bagamoyo: ni bwaga moyo wa mpagazi aliyefika salama akautua mzigo na kupumzika, au ni bwaga moyo wa mateka aliyekata tamaa akiliona jahazi? Ubishi huu nimeusikia barazani tangu utoto, na kila upande una mashahidi wake. Mimi sioni kwa nini mji mmoja usiitwe kwa mioyo miwili. Lakini mwandishi wa Unguja akiuandika mji ule hana budi kukiri jambo moja. Pembe zilizopita pale zilikuja kwetu. Watu waliouzwa walikuja kwetu. Mjini petu pana nyumba ambazo wageni huzipiga picha, na mabega yaliyozijenga yalipita ufukwe ule.

Simulizi za Mrima si za wabebaji na wabebwa tu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, na maandishi hayo yalitoka katika kitabu cha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Nimefanya kazi ya kufasiri miaka mingi, na kwa kawaida nafasiri wageni wakitueleza sisi. Kumkuta mtu wa kwetu akiizungukia nchi jirani, akidadisi na kustaajabu kama msafiri yeyote, kulinifanya nione haya kwa miaka niliyopoteza. Yeye mwenyewe alimaliza maisha yake Ujerumani, mwaka 1927. Kati ya vitabu sita, fundi aliniruhusu kimoja, nimechukua hicho.

Vituo nimevipanga hivi. Kunduchi nitasimama saa moja kwenye makaburi ya nguzo, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina. Kaole, kilomita kama tano kabla ya Bagamoyo, nitatoa nusu siku kwa magofu ya misikiti miwili, maana bahari iliyouneemesha mji ule sasa imejitenga nao kwa mikoko, na mtu hawezi kuliona jambo hilo kwa haraka. Bagamoyo nitalala siku mbili. Karibu na hapo, mwezi Mei 1889, Wadachi waliivunja ngome ya Abushiri bin Salim iitwayo Jahazi. Saadani ya Bwana Heri, aliyeyashinda majeshi ya Sultani mwaka 1882 na kuwasumbua Wadachi hadi 1890, nitaipita kando: ni nchi ya hifadhi tangu mwaka 2005, ya tembo na nyati, na mwenye vespa asijifanye simba. Nitapanda Msata kama msafara, nishuke Pangani, pale Abushiri aliponyongwa mwezi Desemba 1889. Utenzi wa vita vile, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry, nimeusoma mara nyingi nikiwa Unguja. Nataka kuusoma mara moja nikiwa upande wa pili wa maji.

Tarehe niliyoiweka ni juma la kwanza baada ya masika kukatika. Mzigo wote sasa una kilo kumi na moja. Tumeupima kwa mizani ya muuza karafuu. Boksi lile la sigara la mwaka 1986 nilikuwa nimelitia mfukoni mwa koti, na fundi, aliyekuwa akikata kila kitu, alilitazama akaliacha. Kilichobaki ni kebo ya klachi. Ameniambia itakuja Alhamisi.