Msikiti umebaki, majirani wamehama

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Juzi kimbwetani tulikuwa tunajadili makanisa ya watu weusi wa New York, nikajikuta nawaza Kariakoo.

Kwa kifupi: mwaka 1808 waumini weusi walichoka kutengewa viti kanisani, wakaanzisha kanisa lao, Abyssinian Baptist. Jengo lake la sasa, mtaa wa 138 pale Harlem, lilikamilika 1923. Baadaye wenye fedha wakaitamani Harlem, kodi zikapanda, wapangaji wengi wakahama. Kanisa halikuhama kwa sababu lina kiwanja chake.

Haya, turudi kwetu. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliigawa Dar: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, Mnazi Mmoja ukiwa uwanja wa kuwatenganisha. Nyumba zilikuwa za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Chumba kimoja, familia nzima!

Babu yangu alitoka Salale mwaka 1967, kijana, juu ya jahazi la boriti za mikoko. Akapanga chumba Kariakoo. Ndugu hakuwa naye, ila msikiti ulikuwa nyumba ya tatu. Akikosekana alfajiri mbili mfululizo, mtu anakuja kugonga dirisha. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, watu wa safu yake ndio walionunua sanda na kubeba jeneza kwa miguu mpaka makaburi ya Kisutu. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yao, jamani.

Enzi za Mzee Mwinyi, kuanzia 1985, biashara ikafunguliwa. Wenye nyumba wakaingia ubia na matajiri: wewe toa kiwanja, mimi nitajenga ghorofa, utapata sehemu yako. Siwalaumu, mrithi wa kibanda akionyeshwa ghorofa atakataaje? Lakini mpangaji hakuwa na cha kuingiza kwenye ubia. Babu alipewa notisi 1998, akahamia Mbagala Rangi Tatu. Chumba chake sasa ni duka la mapazia.

Msikiti haukuguswa. Ni wakfu, hauuzwi wala haurithiwi. Ukipita adhuhuri utasema umenawiri kuliko zamani, viatu mpaka barabarani, wauza nguo na wateja wao. Mwezi uliopita nililala kwa jamaa yangu Gerezani, nikaenda alfajiri. Safu moja, na haikujaa.

Hapo ndipo naona sisi tumeumia kuliko Harlem. Mwenzetu aliyehama anaweza kurudi na gari Jumapili akasali na watu wake. Alfajiri huwezi kuisali Kariakoo ukitokea Rangi Tatu, labda uote mbawa. Sala tano zinataka msikiti wa kutembea kwa miguu.

Babu bado huenda Ijumaa moja kila mwezi, anatoka saa tatu asubuhi na daladala. Nikamwuliza, babu, si usali hapo hapo Mbagala, miguu yenyewe hiyo? Akasema, "Mbagala nasali kila siku, mjukuu wangu. Kariakoo naenda kuangalia nani bado yupo."

Mara ya mwisho alimkuta mmoja, muadhini.