Upepo wa mpira na barabara ya Opala



Tangu mapigano kati ya Wambole na Walengola yaanze mwaka 2023, tumepokea watu wengi huku ng'ambo ya kushoto ya mto. Mama mmoja aliniambia walikuja wakisukuma kinga moja iliyobeba godoro, sufuria na mchele wote wa nyumba. Mpira wa nyuma ukapasuka njiani. Nusu ya mzigo ilibaki msituni, na mpaka leo hawajarudi kuufuata. Ndiyo sababu leo naandika juu ya upepo wa mpira, kitu tunachokikumbuka kikiisha.

Mpira wa kujazwa upepo uligunduliwa mara mbili. Robert William Thomson wa Scotland aliuandikisha mwaka 1845, watu wakausahau. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, akaandikisha wake, baada ya kuutengeneza kwa ajili ya kinga ya mtoto wake yenye magurudumu matatu. Kinga zikaenea Ulaya na Marekani, motokari zikafuata, na kila gurudumu likataka utomvu wa mpira.

Utomvu huo ulitafutwa hata katika misitu yetu. Nchi hii ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II tangu 1885, na vijiji vililazimishwa kuleta kipimo. Wanaume walipochelewa, wake zao walifungwa. Watu waliuawa, mikono ikakatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaeleza hayo mbele ya dunia, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua nchi mikononi mwa mfalme. Lakini kazi ya lazima haikuisha: mwaka 1942, Japani ilipokwisha kuteka mashamba ya mpira ya Asia, siku za kazi hiyo zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wazee wetu wakarudishwa tena msituni kugema. Sisemi haya ili kuchokoza mtu. Ni hesabu tu.

Wenzetu walioendelea kupanda magari walipata njia ya kuchunga upepo. Porsche 959 ya mwaka 1986 ilikuwa na chombo kinachomwambia dereva mpira umepungua. Kule Marekani, mipira ya Firestone ilipasuka kwenye magari ya Ford Explorer, watu wengi wakafa. Mwaka 2000 sheria ikapitishwa, na kufikia magari ya modeli ya 2008 chombo hicho kikawa cha lazima kwa magari madogo mapya. Trela hazikuguswa. Kwa hiyo wenye trela ndogo za kusafiria hujinunulia wenyewe: kifuniko kidogo kwenye vali kinapima upepo na joto, kisha kinatuma habari mbele kwa dereva. Ni redio, jamani! Redio ndogo kuliko kizibo cha chupa.

Sababu yao naielewa vizuri. Trela haina mtu ndani. Mpira wake ukilegea, dereva hasikii kitu. Unajikunja, unapata joto, unapasuka. Na kinga yetu ya kusukuma ni hivyo hivyo: anayesukuma anatembea pembeni, na magunia yamelifunika gurudumu la nyuma.

Mafundi wa toleka hapa hutumia kidole gumba na beseni la maji la kutafutia mapovu. Fundi mmoja pale kivukoni alinifundisha kubonyeza asubuhi, kabla ya mwendo, kwa sababu mpira uliokwisha kupata moto hudanganya: unaonekana mgumu kumbe upepo ni kidogo. Ubonyeze tena ukishapakia. Ukibonyea, ongeza pampu au punguza gunia.

Yule mama bado ana kinga yake. Mpira wa nyuma amebadilisha, na ule wa ndani uliopasuka ameukata vipande virefu. Ndiyo kamba anazofungia kuni za kuuza.