Ngome ya Yesu na Watu Walioilinda

Mgeni anayeingia Ngome ya Yesu, Mombasa, hutazama kwanza unene wa kuta za matumbawe, kisha mizinga. Anayetaka kuijua ngome hii aulize pia ni nani waliokesha ndani yake.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, wakaimaliza 1596, ili waishike biashara ya pwani na njia ya merikebu za Goa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua kapteni wao na kuiteka. Mwaka uliofuata aliiacha, Wareno wakarudi.

Mazingiwa makuu yalianza Machi 1696, Waomani walipofika, na hayakwisha hadi Desemba 1698. Husimuliwa kama vita vya Wareno na Waarabu, na hapo ndipo historia hupunjwa. Maradhi yaliwamaliza askari wa Kireno, na mwaka 1697 ngome ikabaki mikononi mwa Sheikh Daudi wa Faza, jamaa zake, wanaume wachache na wanawake Waafrika wapatao hamsini. Hao ndio walioilinda mpaka msaada ulipowasili. Wanawake wale wanastahili kibao chao langoni.

Hata hivyo, mwishowe Waomani wakashinda. Baadaye ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kutoka humo, hadi Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipouondoa mwaka 1837. Waingereza waliigeuza jela tangu 1895, na kwa zaidi ya miaka sitini mlango ule uliwatisha watu wa mjini.

Mwaka 1958 wafungwa walihamishwa. Kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, mwanaakiolojia James Kirkman alifukua na kukarabati, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011.

Ukizuru, usiishie kwenye mizinga. Keti kwenye baraza ya Mazrui, panda hadi Nyumba ya Waomani, kisha simama mbele ya michoro ya askari wa Kireno: merikebu na watu, vilivyochorwa ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu. Upande wa bahari mawimbi yamekuwa yakiula mwamba unaoibeba ngome, na ukuta wa kuyazuia umejengwa. Kazi hiyo ya kuitunza haipaswi kusimama.